Gari la Safari Juu ya Meza ya Fundi

Katika mji wa Yaizu, ulio kando ya bahari katika jimbo la Shizuoka nchini Japani, kuna kiwanda cha Hasegawa, kilichoasisiwa mwaka 1941, na miongoni mwa bidhaa zilizotoka katika kiwanda hicho limo sanduku moja la kadibodi ambalo mtu aliyekulia Nairobi, Kampala au Dar es Salaam hawezi kulitazama pasi na moyo wake kuchangamka. Juu ya kifuniko chake imechorwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, gari la namna ile ile ambayo Edgar Herrmann, mkaazi wa Kenya, akiwa na mwenziwe Hans Schüller, aliiendesha akatwaa ushindi wa Mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971. Ndani ya sanduku hamna gari; mna vipande vya plastiki vilivyoshikamana na vijiti vyake, matairi madogo, vioo angavu, karatasi ya nambari na majina ya kubandika, na waraka wa maelezo. Gari lenyewe, ambalo likikamilika litakuwa na urefu wa sentimita 17 hivi, bado limo katika mikono ya yule atakayelinunua sanduku, nalo litatoka zuri au baya kwa kadiri ya saburi, maarifa na mapenzi yake.

Mimi ni mmoja wa watu walioipenda kazi hiyo ya kuunda magari madogo, na kwa kuwa aghalabu huulizwa na jamaa na majirani ina faida gani kwa mtu mzima mwenye shughuli zake, nimeona yafaa niitoe hoja yangu mbele ya wasomaji kwa wasaa na kwa adabu. Hoja yenyewe ni kwamba gari dogo lililoundwa kwa uaminifu ni vitu viwili kwa pamoja: ni chuo kinachomfundisha mwundaji jinsi gari kubwa lilivyobuniwa na kutengenezwa, na ni shahidi anayeihifadhi tarehe ya gari hilo baada ya chuma chake kuliwa na kutu. Katika nchi zetu, ambazo njia zake zilikuwa mahakama ya kuyahukumu magari ya ulimwengu, shahidi wa namna hiyo anahitajiwa kuliko inavyodhaniwa.

NJIA ZETU NA SIFA YA MAGARI

Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikifanywa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na njia yake ikapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanywa wakati wa Pasaka, katika majira ya masika, ambapo barabara moja yaweza kuwa vumbi tupu asubuhi na tope la magotini jioni, na dereva aliyeondoka akiwa na gari zima hajui kama atarudi nalo au atarudi kwa miguu. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara ya pili yakamaliza 7 tu. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404, na baina ya ushindi huo na huu, mwaka 1966 na 1967, gari la aina hiyo hiyo lilishinda likiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Wala si ajabu basi kwamba Peugeot 404, na baada yake 504, zilipata imani ya madereva wa teksi na wachukuzi wa abiria wa masafa marefu katika nchi hizi, maana sifa ya magari hayo haikutoka katika tangazo la dukani, bali ilithibitishwa mbele ya macho ya watu waliosimama kando ya njia wakahesabu ni yapi yaliyopita na ni yapi yasiyoonekana tena.

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544, kisha akarudia kushinda mwaka 1974 na 1976 katika Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mwaka 1973 katika Datsun 240Z, na tangu mwaka 1979 hata 1982 akashinda miaka minne mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Baadhi ya magari ya Japani yaliyoshinda mbio hizo yamepata kuwa modeli za kuunda: Hasegawa wameitoa Bluebird 1600 SSS iliyoshinda mwaka 1970, na wameitoa 240Z ya mwaka uliofuata; Lancer ya mwaka 1974 nayo imeundiwa modeli; na Toyota Celica, iliyoshinda mwaka 1984, 1985 na 1986, imetolewa katika masanduku ya Aoshima. Kijana wa Osaka asiyepata kukanyaga Afrika huweza kulijua jina la Joginder Singh kwa sababu amelibandika kwa kibano, herufi zake zikiwa ndogo kuliko punje ya mtama, juu ya bodi ya gari aliloliunda mwenyewe. Na mtoto wa Kericho huweza kumaliza masomo yake yote asilisikie. Tofauti hiyo ndiyo inayonisukuma kuandika.

GARI KUBWA LINA NASABA YA GARI DOGO

Wengi hudhani kwamba gari kubwa hutangulia na dogo likafuata kwa kuiga. Katika karakana za wabunifu mambo ni kinyume. Harley Earl, aliyewekwa mwaka 1927 kuongoza idara ya sura na rangi katika kampuni ya General Motors ya Marekani, aliifanya desturi ya kufinyanga magari kwa udongo kuwa msingi wa kazi ya idara hiyo: mchoro huwekwa ukutani, kisha wafinyanzi hulitoa umbo katika udongo kwa kipimo kidogo, wakalizunguka, wakalikwangua hapa na kuliongeza pale, hata mstari wa bega la gari upokee mwanga kama walivyokusudia, ndipo linapofinyangwa tena kwa ukubwa wake kamili. Kompyuta zimeingia katika karakana hizo, walakini udongo haujatoka, kwa sababu jicho la mwanadamu huamini zaidi kitu kinachoweza kuzungukwa na kuguswa.

Kampuni hiyo hiyo, kwa mkono wa kitengo chake cha Fisher Body, ilianzisha mwaka 1930 chama cha vijana mafundi kilichowaalika wavulana wa Marekani kuunda kwa mikono yao modeli ya gari la farasi la kifalme la zama za Napoleon, lenye magurudumu, mapambo na nakshi zake zote. Baadaye shindano likageuka, na vijana wakatakiwa wabuni magari ya kwao wenyewe, wayachonge kwa mti au wayafinyange, wayapake rangi na kuyapeleka mbele ya waamuzi. Na waliofuzu walipewa fedha za kusomea vyuo vikuu. Shindano hilo lilidumu hata mwaka 1968. Kijana mmoja aliyelishinda mwaka 1947, jina lake Chuck Jordan, aliajiriwa na General Motors, na mwaka 1986 akawa mkuu wa ubunifu wa kampuni nzima, katika kiti alichokikalia Harley Earl zamani. Anayeuliza kama modeli ina faida, jibu lake moja limo katika habari za kijana huyo.

Magari ya sandukuni nayo yalizaliwa na biashara ya magari makubwa. Kampuni ya AMT, iliyoanza Michigan mwaka 1948, kwanza iliunda magari madogo ya kuwapa wauzaji, ili mteja aliyeingia dukani aione sura na rangi ya gari la mwaka huo kabla ya kulitia mkononi. Mwaka 1958 ikatoa masanduku ya vipande yaliyompa mnunuzi hiari ya namna tatu: aliunde gari kama lilivyotoka kiwandani, au alipambe kwa matakwa yake, au alifanye la mashindano. Hiari hiyo iliwateka vijana wa Marekani wa kizazi kile, na kipimo cha AMT cha moja kwa 25, maana yake kila sentimita ya modeli husimama mahali pa sentimita 25 za gari la kweli, kingali kikitumiwa na watengenezaji wa nchi hiyo, ilhali Wajapani na Wazungu wengi hutumia moja kwa 24. Baadhi ya kalibu za AMT za zama hizo, ambazo ni za chuma na huvumilia miaka mingi, zimepita katika mikono ya wamiliki kadhaa na zingali zikitoa vipande hata sasa, hivi kwamba mjukuu aweza kuliunda gari lile lile aliloliunda babu yake akiwa mtoto.

Huko Shizuoka, jimbo lenye mila ya kale ya useremala, viwanda vya modeli vilichipuka katika mti kabla ya plastiki. Aoshima ilianza mwaka 1924. Tamiya, iliyo mashuhuri kuliko zote, ilianza mwaka 1946 ikiwa kiwanda cha kupasulia mbao, ikachonga modeli za mti, ikaunguliwa na moto mwaka 1951, na haikutoa modeli yake ya kwanza ya plastiki mpaka mwaka 1960. Yasimuliwa kwamba Shunsaku Tamiya, mwana wa mwasisi wake, alipotaka kuiunda modeli ya Porsche 934 iliyotoka mwaka 1976, hakutosheka na picha wala vipimo alivyovipata, bali aliinunua Porsche 911 nzima akaifungua kipande kwa kipande, ili ajue kilicho chini ya kila kilichofunikwa. Kwa mtu wa biashara ni gharama kubwa. Kwa mtu wa elimu ni kawaida, maana hakuna ajuaye kitu kwa kukitazama nje tu.

KAZI YA MKONO

Yeye asiyepata kuifanya kazi hii huifikiria kuwa ni kupaka gundi na kungoja ikauke. Gundi ni sehemu yake iliyo ndogo. Kwanza mwundaji husoma waraka wote, akavijua vipande kwa nambari zake. Kisha hukikata kila kipande kwa koleo dogo, akakisawazisha kwa tupa na msasa pale kilipokuwa kimeshikana na kijiti chake, na akaufuta ule mstari mwembamba ulioachwa na nusu mbili za kalibu zilipokutana. Gundi yenyewe huyeyusha plastiki ya pande mbili ili ziwe kitu kimoja, na kwa hiyo tone moja likianguka mahali pasipo pake huacha kovu juu ya bodi.

Katika kuunganisha ndipo chuo chenyewe kilipo. Anayeunda Datsun 240Z hujifunza kwamba injini yake ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, akaona kwa nini boneti yake ilipaswa kuwa ndefu vile. Huweka springi na fito za magurudumu, akafahamu kwa mkono jambo ambalo makanika amelifahamu kwa miaka ya gereji. Na akifika kwenye taa za ziada na vyuma vya kukinga pua ya gari, hujua kwamba kila kimoja kiliwekwa kwa ajili ya usiku wa nyika, mnyama aliyevuka ghafula, au mto usio na daraja.

Rangi ndiyo mtihani ulio mgumu. Katika kipimo cha moja kwa 24, rangi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na rangi ya milimita 2.4 juu ya gari la kweli, na hakuna gari la kweli lililopakwa namna hiyo. Kwa sababu hiyo fundi hupuliza rangi nyepesi mara nyingi badala ya nzito mara moja, akingoja baina ya mpulizo na mpulizo, akipitisha msasa laini wa maji, hata kingo za milango zibakie kali na maandishi madogo ya chapa yaonekane. Rangi zenye chembe za madini humtaabisha zaidi, kwa kuwa chembe iliyo ndogo kwenye gari la barabarani huonekana jiwe zima juu ya gari la mezani. Mafundi wa rangi na bodi wa Gikomba, Nairobi, na wa Keko, Dar es Salaam, wangezielewa shida hizi kwa neno moja, kwa sababu ndizo shida zao wenyewe zilizopunguzwa kipimo.

Kisha upo uaminifu kwa mwaka wa gari. Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1954, ikiendeshwa na Vic Preston, na modeli nzuri ya gari hilo la mgongo wa mviringo imetolewa na Tamiya; lakini iliyotolewa ni ya mwaka 1966, yenye kioo kikubwa cha nyuma, ilhali zile za mwaka 1954 zilikuwa na kioo kidogo chenye umbo la yai. Mwenye kutaka kuiunda Volkswagen ya Preston hana budi kuziba tundu la kioo, kulikata upya kwa kipimo, na kuichunguza picha moja baada ya nyingine. Akimaliza, atakuwa amejifunza juu ya gari hilo mambo ambayo wengi waliolimiliki hawakuyajua, na atakuwa ameyajua kwa namna isiyosahaulika.

LIWE SAFI AU LIWE NA TOPE?

Popote wanapokutana waunda magari, iwe katika maonyesho yafanywayo Shizuoka kila mwezi wa Mei au katika sebule ya mmoja wao, haliishi suala hili: je, gari la Safari lioneshwe safi, kama lilivyokuwa likingoja bendera ya kuondokea, au lioneshwe lilivyorudi, limepasuka taa na kufunikwa na udongo? Wanaopenda usafi husema kwamba tope huficha kazi, na kwamba fundi mvivu hulikimbilia ili kasoro zake zisionekane. Wanaopenda tope husema kwamba gari la Safari lisilo na udongo halijaenda Safari.

Mimi ni wa kundi la pili, kwa sharti moja: udongo huo uwe na sababu. Gurudumu la mbele hurusha tope kwenye mlango, si juu ya paa. Vifuta-kioo huacha nusu duara iliyo safi katika kioo cha mbele. Upepo unaojikunja nyuma ya gari lendalo kasi hulirundika vumbi kwenye mlango wa buti na taa za nyuma. Zaidi ya hayo kuna rangi ya udongo wenyewe. Udongo wa Voi na Tsavo ni mwekundu. Udongo wa tambarare za Athi ni mweusi unaonata. Na gari lililopita kote huwa na tabaka juu ya tabaka, la mwisho likiwa juu. Mwundaji wa ng'ambo huyatafuta mambo hayo katika picha. Sisi tunayo chini ya nyayo zetu, na mtu wa Voi anayechukua gao moja la vumbi la kwao, akalichekecha na kulichanganya na rangi, ana elimu ambayo hakuna duka liwezalo kuiuza.

MTEPE NA FUNDISHO LAKE

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mapenzi ya mitambo ya wageni, na kwamba ustaarabu wetu hauna haja nayo. Pwani yetu yenyewe yamjibu. Mtepe, chombo cha Waswahili wa visiwa vya Lamu, kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasi na msumari na kusukumwa na tanga la mkeka, kiliacha kuundwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mafundi wake wakafa pamoja na maarifa yao. Leo anayetaka kujua jinsi mbao zake zilivyokutana na jinsi omo na tezi yake zilivyochongwa hutegemea picha chache, maandishi machache, na modeli ndogo zilizotunzwa katika makumbusho, kama zile za Lamu. Aliyezichonga modeli hizo pengine alidhani anajiliwaza, au anamtengenezea mgeni kumbukumbu ya kuchukua kwao. Kumbe alikuwa akiweka amana kwa watu ambao hawajazaliwa.

Magari yetu ya zamani yamo katika njia hiyo hiyo ya kutoweka. Yapo machache yaliyotunzwa na wenye mapenzi na uwezo, na mbio za Safari za magari ya kale, zilizoanzishwa mwaka 2003, zimeyarudisha mengine barabarani. Lakini Peugeot zilizochukua abiria, malori yaliyobeba pamba na kahawa, na mabasi yaliyopakwa mashairi na majina ya wenyewe, kila siku hukatwa na kuuzwa kwa uzani katika biashara ya vyuma chakavu. Hakuna kiwanda cha Japani kitakachotuundia basi la abiria la Mwanza la miaka ya 1960, wala lori lenye bodi ya mbao iliyoundwa na mafundi wa Mombasa. Vitu hivyo, kama vitaundwa, vitaundwa na sisi.

Na uwezo hatukukosa. Watoto wetu, mashambani na mijini, tangu zamani huunda magari kwa waya, makopo na ndala zilizochakaa, yenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kweli, pasipo mwalimu wala waraka wa maelezo. Kinachopungua ni kumpa mtoto huyo rula, daftari na gari la kweli la kupimia, na kumwambia kwamba kazi yake haitatupwa akishaingia darasa la juu. Shule za ufundi zingeweza kuifanya modeli ya gari moja la kale kuwa zoezi la mwaka, kwa kuwa ndani yake mna hesabu za uwiano, uchoraji wa kiufundi, useremala, rangi na tarehe. Na makumbusho yetu yangeweza kutenga kabati moja kwa ajili ya zilizo bora, zikiwa na jina la mwundaji, mwaka wa gari, na njia lililokuwa likipita.

Anayetaka kuanza asingoje sanduku kutoka Yaizu, ijapokuwa akilipata atafurahi nalo na atajifunza mengi. Aanze na gari alijualo: la babake lililosimama uani, la jirani, au lori la shamba lisilowaka tena. Alipime urefu, upana, na umbali wa gurudumu hadi gurudumu. Alipige picha kila upande. Amwulize aliyeliendesha lilikwenda wapi na lilibeba nini, na ayaandike majibu. Kisha agawanye vipimo vyote kwa 24 na aanze kukata. Kazi hiyo haingoji idhini ya mtu wala mtaji mkubwa, bali inangojea mkono uliokubali kufundishwa subira, na yapasa kuanzwa maadamu magari yenyewe yangali yamesimama na madereva wake wangali hai wa kuulizwa.